Kuwaandaa wauguzi na wakunga kuwa walezi wa wanafunzi wodini: siku tatu za semina zitumikeje?

Muuguzi Mfawidhi, Nyanda za Juu

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu na poleni na majukumu. Mimi ni muuguzi mfawidhi katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa, na nimepewa jukumu la kuandaa mafunzo kwa wauguzi na wakunga wetu watakaokuwa walezi wa wanafunzi wanaoletwa kwa mafunzo kwa vitendo. Ninaposema mlezi nina maana ya mtumishi wa wodini anayekaa na mwanafunzi zamu nzima, si mkufunzi wa chuo anayepita mara moja kwa wiki kukagua.

Hali ilivyo kwetu ni kwamba tunapokea wanafunzi wa vyuo zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja, wa astashahada, wa stashahada na wachache wa shahada. Asubuhi wodi ya wazazi hujaa wanafunzi hadi wanakosa pa kusimama, halafu usiku anabaki mkunga mmoja na wanafunzi wawili ambao hakuna aliyemweleza wamefikia hatua gani katika masomo yao. Watumishi wetu ni hodari kazini, hilo nalisema bila kusita, lakini uhodari huo haujageuka kuwa ufundishaji. Wapo wanaomchukulia mwanafunzi kuwa mkono wa ziada tu: apime joto na presha kitanda hadi kitanda, apeleke sampuli maabara, arudi na majibu, na siku ya mwisho daftari lake la mazoezi lisainiwe kurasa zote kwa mkupuo. Wapo pia wanaofanya kila kitu wenyewe kwa hofu ya madhara, mwanafunzi akabaki kuwa mtazamaji mpaka muda wake unakwisha.

Ninaliogopa jambo hili kwa sababu najua wanakokwenda baada ya kusajiliwa. Mwanafunzi aliyemaliza bila kuwahi kufuatilia uchungu wa mama mmoja tangu mwanzo hadi mwisho anaweza kupangiwa zahanati ambako usiku hakuna mwingine wa kumwita.

Nimepata fedha za semina ya siku 3. Rasimu niliyoletewa imejaa mihadhara: falsafa ya elimu, nadharia za ujifunzaji kwa watu wazima, aina za tathmini. Sizidharau mada hizo, ila nina mashaka kama mkunga atakayetoka ukumbini Ijumaa atafanya lolote tofauti Jumatatu. Naomba uzoefu wenu. Katika siku hizo nifundishe nini hasa, nimchague nani awe mlezi, na nifanye nini ili mafunzo yasiishie kwenye cheti cha kuhudhuria?

Mkufunzi wa Ukunga, Kanda ya Ziwa

Ndugu Mfawidhi, asante kwa kuleta hoja hii, maana sisi wa vyuoni tumezoea kuijadili peke yetu bila ninyi mnaoshinda na wanafunzi wetu. Nitaanza na hizo siku tatu, kwa kuwa naona ndizo zitakazoamua mengine yote.

Ushahidi tunao hapa hapa nchini. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watumishi walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, kwa kufuata ule mpango uliozinduliwa duniani mwaka 2010 unaosisitiza kwamba mtoto asiyepumua aanze kusaidiwa ndani ya dakika ya kwanza. Walipopimwa kwa mdoli wa mafunzo walifanya vizuri kuliko walivyofanya awali, lakini walipofuatiliwa chumba cha kujifungulia, namna walivyowahudumia watoto wenyewe haikubadilika. Ndipo utaratibu ulipogeuzwa. Mdoli na ambu ya kupulizia hewa vikawekwa leba, watumishi wakawa wanafanya zoezi la dakika 3 hadi 5 kila wiki, na mara moja kwa mwezi wakarudia pamoja kwa dakika 40 wakiongozwa na wenzao wa hapo hapo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mada ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mahali pa kujifunzia na marudio.

Hayo yalikuwa mafunzo ya kumhudumia mtoto, si ya kulea wanafunzi, lakini sioni sababu ya kuamini kwamba stadi ya kufundisha itashika ukumbini ikiwa stadi ya kumpulizia mtoto hewa haikushika. Kwa hiyo ningeitumia siku moja tu ya ukumbi, na fedha za siku mbili zilizobaki ningezigawa kwenye vipindi vifupi vya wodini kwa miezi kadhaa, mara baada ya kukabidhiana zamu, wakati wa zamu inayotoka na wa zamu inayoingia wako pamoja. Vipindi hivyo viandike kwenye mpango kazi tangu mwanzo, pamoja na gharama zake, kwa sababu fedha iliyoombwa kwa ajili ya semina ni vigumu kuihamisha baadaye bila maswali kutoka kwa katibu wa afya na mhasibu.

Sasa nini kifundishwe. Ningelazimika kuchagua stadi moja tu, ningechagua kuuliza. Upo utaratibu mfupi uliopendekezwa Marekani mwaka 1992 na madaktari waliokuwa wakifundisha wanafunzi katika kliniki za familia, ambako muda ni mdogo na wagonjwa wanasubiri, na mimi nimeuona ukifanya kazi vizuri sana leba na kliniki ya wajawazito. Chukua mfano wa mwanafunzi anayekuletea taarifa kwamba mama mwenye mimba ya wiki 34 ana presha ya 150/100. Mazoea yetu ni kumpokonya mgonjwa pale pale: tunakwenda, tunapima tena, tunatoa maelekezo, na mwanafunzi anafuata nyuma. Badala yake mlezi anauliza kwanza, «Wewe unadhani tatizo ni nini?» Mwanafunzi anasema anahofia kifafa cha mimba. «Umeona nini hata ukasema hivyo?» Anataja presha na miguu iliyovimba. Hapo mlezi ameshajua mambo mawili kwa pamoja, kwamba mwanafunzi anafikiri upande sahihi, na kwamba hajapima protini kwenye mkojo wala hajamuuliza mama kuhusu kichwa kuuma, macho kuona maruweruwe au maumivu ya juu ya tumbo. Basi anamfundisha kanuni moja, si kumi: presha ikifika 140/90 au zaidi baada ya wiki 20 za mimba, rudia kipimo, pima mkojo na uulize dalili hizo kabla hujaondoka kwa mama. Kisha anamwambia alichofanya vizuri akikitaja kwa jina lake, kwamba alimpima mama akiwa ameketi na ametulia, tena akaja kutoa taarifa bila kuchelewa. Na anamrekebisha, kwamba miguu kuvimba peke yake huwapata wajawazito wengi na si ya kutegemewa. Wote wawili wanarudi kwa mama wakiwa na kikopo cha mkojo. Mazungumzo hayo hayafiki dakika tano, na mama hakucheleweshewa huduma. Jambo likiwa la dharura, mathalani damu inamwagika au mtoto hapumui, maswali yanasubiri na mlezi anatoa amri fupi, lakini baada ya hali kutulia wanakaa chini na kuyapitia yote.

Kilicho kigumu kwa mlezi ni kunyamaza baada ya swali la kwanza. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi jibu linamtoka kabla mwanafunzi hajafungua kinywa, na hilo haliondolewi kwa mhadhara. Siku ya ukumbi waweke watatu watatu, mmoja awe mlezi, mmoja mwanafunzi na wa tatu mtazamaji anayeandika maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, kisha wabadilishane. Ukiweza, waalike wanafunzi halisi wa mwaka wa mwisho, kwa sababu muuguzi anayeigiza kuwa mwanafunzi hujibu kama muuguzi.

Stadi ya pili ni mrejesho. «Umejitahidi» haumfundishi mtu kitu, na kumkaripia mbele ya mgonjwa na ndugu zake humfundisha kuficha. Naomba hili la karipio mlipe muda wa kutosha, maana wengi wetu tulilelewa hivyo na tunaamini ndivyo tulivyokomaa. Mwanafunzi aliyeaibishwa kwa kuuliza dozi hatauliza tena, naye siku moja atadunga dozi isiyo sahihi akiwa kimya.

Muuguzi Ughaibuni

Ndugu zangu, nimefanya kazi nyumbani Tanzania na sasa niko Uingereza, na ningependa kuongeza jambo ambalo naona Mkufunzi hajaligusa, nalo ni uamuzi wa kumfaulisha au kutomfaulisha mwanafunzi.

Mwaka 2003 mtafiti Kathleen Duffy wa Scotland alichapisha utafiti kuhusu walezi na wakufunzi, akaonyesha jinsi walezi walivyokuwa wakiwapitisha wanafunzi ambao wenyewe walikuwa na mashaka nao. Walezi hao hawakuwa watu wasiojali. Walichelewa kulisema tatizo mpaka wiki ya mwisho, wakaona si haki kumwangusha mtu ambaye hakuonywa. Au walimwonea huruma, wakatumaini kwamba wodi inayofuata itamrekebisha, na wodi iliyofuata nayo ikatumaini vivyo hivyo. Nilipousoma niliikumbuka ile saini ya kurasa zote kwa mkupuo, ambayo Ndugu Mfawidhi ameieleza. Saini hiyo ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyeona kwa macho yake stadi ikifanyika, na msajili, mwajiri na mgonjwa wote wanaitegemea.

Huku, Baraza la Wauguzi na Wakunga lilibadilisha utaratibu mwaka 2018. Kabla ya hapo mlezi mmoja ndiye aliyemfundisha mwanafunzi, akamsimamia, kisha akaamua kama anafaa, na mwanafunzi alitakiwa kutumia angalau asilimia 40 ya muda wake wa mazoezi chini ya uangalizi wa mlezi huyo. Sasa kazi hizo zimetenganishwa. Wapo wasimamizi wa kila siku, ambao wanaweza kuwa mtaalamu yeyote wa afya aliyesajiliwa, akiwemo daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, na yupo mtathmini anayekusanya maoni yao, akamtazama mwanafunzi akifanya kazi, kisha akashauriana na mtathmini wa upande wa chuo. Manufaa niliyoyaona ni kwamba mtu anayekunywa chai na mwanafunzi kila siku habebi peke yake uzito wa kumwambia kwamba hajafikia kiwango.

Sisemi muige utaratibu wote, kwa kuwa unahitaji watumishi ambao ninyi hamnao. Ninachoomba ni kwamba siku ile ya ukumbi muwe na saa moja na nusu ya kufanyia mazoezi mazungumzo magumu. Mpeni mlezi hali hii: mwanafunzi ni mpole, anawahi kazini, wagonjwa wanampenda, lakini kwa mara ya tatu amechanganya vipimo vya dawa. Mlezi aketi naye na amwambie waziwazi, katikati ya kipindi cha mazoezi na si mwishoni, akiwa na tarehe na maelezo ya kilichotokea. Nimewaona watu wenye uzoefu mkubwa wakishindwa kuitamka sentensi ya kwanza ya mazungumzo hayo, wakizunguka na salamu na pongezi hadi mwanafunzi anaondoka akidhani amesifiwa.

Mwalimu wa Kliniki, Pwani ya Kenya

Hamjambo nyote. Mimi ni afisa wa kliniki ninayewasimamia wanafunzi katika hospitali ya kaunti, na nakubaliana na mengi yaliyotangulia kusemwa. Nitajibu swali la nani achaguliwe, kwa sababu naona limepitwa.

Msichague kwa cheo wala kwa miaka ya kazi. Kwetu tuliwahi kuwateua wasimamizi wa wodi wote kwa wadhifa wao, na ikawa kwamba mwanafunzi ana mlezi ambaye mchana kutwa yuko kwenye mikutano na kuagiza vifaa. Mlezi mzuri mara nyingi ni muuguzi wa miaka michache kazini, ambaye bado anakumbuka jambo gani lilimtatiza alipokuwa mwanafunzi, na ambaye yumo kwenye zamu. Waulizeni wanafunzi waliomaliza mazoezi yao, kila mmoja peke yake, ni nani aliyewafundisha. Majina yatakayojirudia ndiyo ya kuanza nayo. Wateuliwa nao waulizwe kama wanataka, maana asiyetaka hatabadilishwa na semina.

Pili, mlezi apewe nafasi ya kulea. Muuguzi mwenye wagonjwa thelathini hawezi kumtazama mwanafunzi akiweka kanula (kimrija cha kwenye mshipa) tangu kunawa mikono hadi kutupa sindano kwenye kisanduku chake, hata angekuwa na moyo wa dhahabu. Kama hamwezi kumpunguzia wagonjwa, basi mkubaliane na vyuo kuhusu idadi ya wanafunzi kwa kila zamu, na makubaliano hayo yaandikwe na kutiwa saini na pande zote mbili. Kwetu, tangu huduma za afya zilipogatuliwa kwa kaunti mwaka 2013, chuo hakina budi kuzungumza na wenye hospitali kabla ya kuleta wanafunzi, na hapo ndipo pa kulisema hilo.

Jambo la tatu linamhusu yule mkunga wa usiku mwenye wanafunzi wawili asiojua wamefikia wapi. Sisi tunatumia karatasi moja ngumu inayokaa mfukoni mwa mwanafunzi. Kwa kila stadi imeandikwa hatua aliyofikia: anatazama tu, anafanya mlezi akiwa kando yake, anafanya mlezi akiwa ndani ya wodi na anaweza kuitwa, au anafanya kisha anatoa taarifa. Anayempandisha mwanafunzi hatua huweka saini na tarehe. Mwanafunzi akifika zamu ya usiku anaitoa karatasi, na kwa kutupa jicho mkunga anajua kwamba huyu anaweza kuachiwa kupima mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, lakini kumpima mama njia ya uzazi bado asimamiwe. Walezi wafundishwe kuitumia kwa kumtazama mtu akifanya stadi ileile mbele yao, kila mmoja atoe hatua yake, halafu walinganishe. Mara ya kwanza hutofautiana sana, na mjadala wa kwa nini wametofautiana ndio mafunzo yenyewe.

Na mgonjwa asisahauliwe. Mlezi amtambulishe mwanafunzi kwa jina, aseme kwamba ni mwanafunzi, na amwombe mgonjwa ridhaa kabla pazia halijavutwa, si baada ya glavu kuvaliwa.

Muuguzi Mfawidhi, Nyanda za Juu

Nashukuru sana, kila mmoja kwa nafasi yake. Nimeamua kurudisha rasimu, nibaki na siku moja ya ukumbi, na vipindi vya wodini nivipange katika bajeti upya. Hiyo karatasi ya mfukoni nitaianza hata kabla ya mafunzo, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho nitawauliza wiki hii.

Limebaki jambo moja linalotuletea mvutano. Baadhi ya wanafunzi wanakuja wakiwa wamefundishwa mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia uchungu, wakati wakunga wetu wengine bado wanatumia patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu, waliyoizoea. Mwanafunzi akisema hatua ya uchungu mkali huanza njia ikifunguka sentimita 5, mlezi anamjibu kwamba ni 4 na aache ubishi. Walezi wangu watawezaje kusimamia kitu ambacho mwanafunzi amekisoma na wao hawajakisoma?

Mkufunzi wa Ukunga, Kanda ya Ziwa

Ndugu Mfawidhi, mwanafunzi wako hakosei, na mlezi wako naye hakubuni. Patografu ile iliyozoeleka huanza kujazwa njia ikiwa sentimita 4. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hatua hiyo ihesabiwe kuanzia sentimita 5, na mwongozo unaofuata pendekezo hilo ulitolewa mwishoni mwa mwaka 2020. Mlezi akilijua hilo, mvutano unakwisha kwa dakika moja.

Ila umegusa udhaifu wa sisi wa vyuoni. Tunawafundisha wanafunzi jambo jipya, kisha tunawatuma wodini walitetee mbele ya wakubwa wao, na hiyo si kazi ya mwanafunzi. Dai kwamba kila chuo kinacholeta wanafunzi kimlete mkufunzi wake kabla ya kipindi kuanza, akae na walezi, awaonyeshe kilichobadilika katika mtaala na asikilize kwa nini wodi inafanya inavyofanya. Kwenye huduma ijazwe fomu moja tu, ile ambayo hospitali imeiidhinisha, ili mama asifuatiliwe kwa kanuni mbili katika uchungu mmoja. Ile nyingine mwanafunzi aijaze kama zoezi kwa kutumia taarifa zile zile mama akishajifungua, kisha aipitie pamoja na mlezi wake. Wakunga wawili wa kwetu walijifunza mwongozo mpya kwa njia hiyo, wakiwa wanasahihisha kazi ya wanafunzi.

Kipindi cha kwanza cha wodini ningekifanya juu ya jambo hilo hilo, kwa sababu tayari lina watu wanaobishana nalo. Nitakutumia kwa ujumbe wa faragha nakala ya fomu zote mbili zilizojazwa kwa mama mmoja wa kufikirika, uzitumie upendavyo.